Mumbere wa Suti

Mumbere alikuwa akikaanga chapati Bwera hadi siku Sosthène, fundi suti aliyetoka Butembo, alipompima suruali. Fundi alimzunguka mara mbili kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Mabega hii, mon frère, unaitumia kwa kugeuza chapati? Iko zambi!"

Mwaka haukuisha, Mumbere akawa mwanamitindo. Picha yake katika suti ya bluu, mkono mfukoni, ikabandikwa kwa mafundi na vinyozi kutoka mpakani mpaka Kasese mjini. Wasichana waliwapeleka wachumba wao kuitazama, na wachumba wakarudi wamenuna. Mwenyewe aliacha kujibu salamu kwa mdomo. Alinyanyua nyusi tu, inatosha.

Picha haikuonyesha kwamba jukwaani miguu ilimtetemeka. Akaanza kupiga waragi kidogo apate moyo. Kidogo ikawa nusu chupa, kisha hata jukwaa halikuhitajika. Alikunywa kabla ya kunyoa ndevu. Jumapili moja alianzisha pambio katikati ya mahubiri, akaliimba peke yake beti zote.

Siku ya maonyesho ya mavazi ya harusi, katika ukumbi mmoja wa Nyamwamba, alitembea vizuri hatua nne. Ya tano haikulipata jukwaa. Akaangukia keki ya ghorofa tatu, akajilaza humo, akaomba kwa heshima asisumbuliwe. Suti nyeupe ya Sosthène ilichanika kutoka kiunoni mpaka mahali pasipopigwa picha.

"Pombe imekuvula mbele ya batu," Sosthène alimwambia nje, machozi yakimlenga. "Miye siwezi tena."

Picha zikabanduliwa moja moja. Dada yake, Evas, akamchukua hadi Kyarumba. Hakumhubiria, alimtwika gunia la kahawa kichwani, wakapanda mlima. Wiki ya kwanza Mumbere alitapika, akamtukana Evas kwa lugha zote alizozijua. Wiki ya sita alitoroka, akarudishwa na bodaboda amelewa chakari.

Evas akafungua mlango. "Kula. Kesho kahawa iko inakungoja."

Sasa ni miezi minane hajaonja. Hasemi ameacha, husema leo hajanywa. Juzi fundi mmoja alipanda kutoka mjini kumwomba arudi jukwaani.

"Nikishikwa na woga kabla ya kupanda jukwaani, nani atakaa na mimi?" Mumbere akauliza.

Fundi akacheka, akidhani ni mzaha. Mumbere akamkaribisha muhogo na maharage, wakala, na kazi akaikataa.