Namba Tano ya Mama Nshobole

Mkono wa kulia wa Mama Nshobole una vidole viwili tu vinavyokunjika. Vile vitatu vingine vilivunjwa kwa kitako cha bunduki, juu ya meza ya kuazimishia vitabu, siku ya Jumatano, saa nne asubuhi. Mimi nilikuwa nje, uso ukutani, mita kumi kutoka pale. Watu wa mtaa wa Himbi, hapa Goma, wanasimulia mengi juu ya siku ile, na wengi wao hawakuwepo.

Ni mwanamke wa Walungu, upande wa Bukavu. Alikuja Goma kama bibi wa Baharanyi, karani wa forodha, akapata kazi kwenye maktaba ya parokia kwa sababu alikuwa na mwandiko mzuri na hakuogopa kumdai padri kitabu. Volkano ya mwaka 2002 ilipita juu ya maktaba ile. Vitabu vyote vilivyokuwa ndani viliungua, na kadi za wasomaji pia. Vilivyopona ni vile vilivyokuwa nyumbani kwa watu. Kwa hiyo waliochelewa kurudisha ndio waliookoa maktaba, naye hajawahi kuwasamehe.

Moshi ulikuwa bado unatoka kwenye mawe alipokaa juu ya kreti ya bia na kuandika upya majina yote kutoka kichwani. Alikuwa na vitu viwili vya kumsaidia: kalenda ya kanisa na katekisimu. Maandishi yake yote ya siri yametoka humo.

Mwaka 2011 wezi walimpiga Baharanyi risasi mbili mlangoni kwake, wakachukua redio na simu. Alizikwa Jumamosi. Jumatatu Mama Nshobole alifungua maktaba saa mbili kamili. Dada wa marehemu alimuuliza kama hana haya.

"Vitabu viko inje," akajibu. "Nani atavipokea, wewe?"

Nilimfahamu mwishoni mwa 2024. Mimi nauza kompyuta zilizotumika, mtaani Birere, na nazitengeneza. Shirika moja la misaada la Himbi lilitaka orodha ya maktaba itoke kwenye programu ya zamani ya kompyuta ya maktaba, ile ya kioo cheusi na maandishi ya kijani, iingie kwenye mpya. Charline wa ofisi yao alinipa sharti moja: kila alama iwe na maana yake. Programu mpya haikubali namba isiyo na maelezo, na bila hilo hakuna malipo. Nikaleta masini yangu mwenyewe, kompyuta ya kubeba, nikaiweka mezani kwa Mama Nshobole, nikafungua faili ya wasomaji.

Kila jina lilikuwa na mkia. 03-06/2. 29-06/4. 15-08/7. Siku haikuzidi thelathini na moja, mwezi haukuzidi kumi na mbili, kwa hiyo nilijua ni tarehe.

"Mama, hizi ni siku za kuazima kitabu?"

"Wewe Kambere, unasalia wapi?"

"Nilikuwa nasali Butembo. Hapa nauza."

"Njo maana hujui kitu."

Akanionyesha kalenda ukutani. Kwake msomaji hajulikani kwa barabara wala kwa simu. Anajulikana kwa shirika lake, yaani ile jumuiya ndogo ya majirani wanaosali pamoja nyumbani kwa mmoja wao. Kila shirika lina mtakatifu wake, na mtakatifu ana sikukuu yake. Tarehe tatu mwezi wa sita ni Mashahidi wa Uganda: ukimtafuta msomaji wa 03-06, nenda kwenye shirika lile, watakupeleka mpaka kitandani kwake. Simu mtu anabadilisha. Jirani anayesali naye kila wiki hawezi kumkimbia.

Namba ya mwisho ilikuwa aina ya msomaji, na hiyo aliipanga kwa sakramenti, kwa mfuatano wa katekisimu. Moja, ubatizo: watoto. Mbili, kipaimara: wanafunzi wa sekondari. Tatu, ekaristi: wale wanaokuja kila wiki bila kukosa. Nne, kitubio: waliopoteza kitabu au waliochelewa, ambao wanafagia kiwanja kabla ya kupewa kingine. Sita, daraja: mapadri na masista. Saba, ndoa: vitabu vinavyoazimwa na bwana na kurudishwa na bibi.

"Na tano?"

"Tano uache."

"Mama, masini haiachi. Inataka neno."

"Basi itakaa na njaa yake."

Kwenye tano walikuwa watu arobaini na mmoja. Nikawapanga peke yao. Wote wanaume. Majina mengi ya mbali, ya Équateur na Kasai. Wanasoma kanuni za barabara, Kifaransa cha msingi, hesabu. Halafu, wiki ile mapigano na waasi yalipozidi upande wa Sake, ishirini kati yao waliacha kuja kwa mara moja. Nilikuwa nimeshakisia jibu, lakini nilitaka uhakika, nikamuuliza Mirindi, mlinzi wa lango.

"Ni basoda wa kambi," Mirindi akasema, akimenya muwa. "Mama anawapenda sababu hawamubishii. Amewaweka kwa mpako wa wagonjwa, yale mafuta ya mtu wa kufa. Anasema hao wako njiani."

Nikaandika kwenye jedwali: 5, askari wa kambi. Masini ikakubali. Nikamwandikia Charline kwamba kazi imekwisha.

Mama Nshobole aliona Ijumaa moja ya mwezi wa kwanza. Mabomu yalisikika kutoka upande wa Lac Vert, vioo vya dirisha vikicheza kwenye fremu zake. Alisoma ule mstari akiwa amesimama nyuma yangu, akasoma tena.

"Futa."

"Nitafuta Jumatatu, mama. Nikigusa leo, Charline atarudisha kazi yote na mimi sijalipwa."

"Jumatatu ya nani?" akauliza. "Wewe unasikia ile mulio, halafu unaniambia Jumatatu. Hawa batu wakiingia, watasoma nini kwanza? Biblia?"

Nilifunga masini, nikaiacha palepale mezani, nikaenda zangu. Hilo ndilo nililofanya.

Jumatatu waasi waliingia mjini. Siku mbili tulilala kwenye sakafu ya duka, familia yangu na ya jirani, magodoro yamesimamishwa madirishani. Bomu lilianguka nyumba ya tatu kutoka kwetu, na asubuhi tulichanga mashuka ya kufunikia watu watano. Hapakuwa na maji wala umeme. Jumatano milio ilipopungua, watu walianza kuvunja maghala, nami nikawaza masini yangu. Nikatoka kuifuata.

Njiani sare za jeshi zilikuwa zimetupwa kila mahali, suruali kwenye mitaro, kofia, viatu vimekaa viwili viwili. Mmoja hakuwahi kumaliza: alilala karibu na kituo cha mafuta, mguu mmoja ndani ya suruali ya jeshi na mwingine ndani ya jinzi. Inzi walikuwa wameshafika.

Lango la maktaba lilikuwa wazi. Mirindi alilala chali, funguo mkononi, tundu shingoni. Damu ilikuwa imeteremka kati ya mawe mpaka kwenye maua. Nilitaka kugeuka, lakini walikuwa wameshaniona.

"Wewe, kuja."

Walikuwa watano. Mkubwa wao walimwita komanda, mtu mwembamba mwenye miwani. Mama Nshobole alikuwa kwenye kiti chake, mdomo umepasuka, damu kwenye kola ya kitenge.

"Wewe ni nani?"

"Fundi wa hii masini, komanda."

"Masini gani? Hii?"

Nikatazama. Masini yangu ilikuwa imepondwa mpaka ikawa kama sahani, na jiwe la volkano, kubwa kama kichwa cha mtoto, lilikuwa bado limekaa katikati yake. Kwanza niliona bei yake. Halafu nikaelewa nani aliweka lile jiwe, na kwa nini. Baadaye aliniambia kwamba ilikuwa Jumapili, baada ya misa, naye Mirindi ndiye aliyembebea jiwe.

"Wezi," Mama Nshobole akasema kupitia midomo iliyovimba.

"Mwizi anaiba," komanda akasema. "Mwizi hapondi mali."

Ilikuwa kweli. Hata mimi ningesema hivyo.

Mkononi komanda alikuwa na karatasi nilizochapa mwezi wa kumi na mbili ili kuhakiki majina: wasomaji wote na mikia yao, bila maelezo. Kuna mtu alikuwa amemwambia kwamba askari wa kambi walisoma pale. Sasa askari wale walikuwa wamevua sare, wamejificha katika nyumba za watu, na yeye aliwataka. Alikuwa ameshaelewa tarehe. Mama Nshobole alimwambia ni mashirika. Kilichobaki ni ile namba ya mwisho. Aliye na namba, ana jina. Aliye na jina na shirika, ana mlango wa kubisha.

"Huyu mtoeni inje," akasema. "Nitauliza mmoja mmoja. Majibu yenu yasipokuwa moja, wote wawili mutalala na yule wa langoni."

Waliniegemeza ukutani. Mdomo wa bunduki ulikuwa nyuma ya sikio langu, wa moto, bunduki imetoka kutumika. Komanda akasimama upande na karatasi.

"Moja."

"Watoto. Ni sakramenti, komanda. Moja ni ubatizo."

"Mbili."

"Kipaimara. Wanafunzi wa sekondari."

Nilisema tatu. Nikasema nne, wale wa kufagia kiwanja, na mmoja wa watu wake akacheka.

"Tano."

Butembo tulikuwa na katekista mmoja, Kamate, aliyetufundisha sakramenti kwa fimbo ya mti wa kahawa, na ukikosa moja unarudia zote. Sikuwa na shida na sakramenti. Shida ilikuwa yule mama ndani. Angeweza kusema marehemu. Angeweza kusema wageni, wafungwa, chochote. Hatukupatana neno, kwa sababu tangu Ijumaa hatukuzungumza. Nikajiuliza kitu kimoja tu: mwanamke huyu, tangu volkano, aliwahi kutoa namba nje ya sakramenti yake? Hata mara moja hakuwahi.

"Wagonjwa," nikasema. "Mpako wa wagonjwa. Wanapelekewa vitabu hospitali."

Komanda akaingia ndani. Nilisikia swali, sikusikia jibu. Halafu nikasikia kitako cha bunduki kikishuka juu ya meza, na kati ya kitako na meza kulikuwa na kitu kilicholia kama kuni kavu. Swali tena. Kitako tena. Mara ya tatu sauti yake ilitoka kubwa, kama anavyomgombeza mwanafunzi aliyekunja kurasa:

"Tano ni wagonjwa. Niseme mara ngapi? Hata ukikata mukono, ni wagonjwa."

Nikaegemeza paji la uso ukutani, na yule wa bunduki akanivuta kwa kola nisimame.

Komanda alirudi akihesabu kwa kidole.

"Wagonjwa arobaini na mmoja. Na wote wanaume. Hospitali gani haina mwanamke?"

Hapo ndipo ningekufa. Ukimwambia mtu kama huyo wodi ya waliopigwa risasi, umemwambia jeshi.

"Wodi ya mifupa, komanda. Ni wa pikipiki na wa chukudu. Unajua vijana wanavyoteremka na yale magurudumu ya mbao kutoka Kibati na mizigo, bila breki. Wanavunjika miguu, wanalala miezi mitatu, wanatafuta cha kusoma. Wanawake hawaendeshi."

"Ni kweli," akasema yule aliyecheka. "Mukubwa wangu alivunjika vile. Chukudu ilimupitia."

Komanda akakunja karatasi, akaziweka mfukoni, akaamuru wachukue ile kompyuta ya zamani. Wakapita juu ya miguu ya Mirindi na kuondoka.

Ndani, mkono wa Mama Nshobole ulikuwa bado juu ya meza. Hakuweza kuuinua. Nikachana jalada gumu la kamusi moja, nikalifunga chini ya vidole kwa kitambaa chake cha kichwa. Hapo ndipo alipolia, na alikuwa akililia jalada. Nilimpeleka hospitali juu ya chukudu, njia nzima ya mawe, mpaka getini.

"Ile masini yako," akasema.

"Tutaongea, mama."

"Tuongee sasa. Mirindi ameacha watoto wanne. Wewe anza kulipa pale. Ukimaliza, njo uniulize masini."

Sijamuuliza mpaka leo.

Wiki zilizofuata tulisikia nyumba zilizobishwa hodi, na wanaume waliotolewa humo, na kila mara Mama Nshobole alitaka kujua jina. Sikusikia jina hata moja lililotoka kwenye orodha yake.

Mwezi wa tano nilianza kazi upya kwenye masini nyingine, kutoka kwenye kopi ya faili ya wasomaji, isiyo na maelezo, iliyobaki dukani kwangu. Charline alikuwa ameshaondoka mjini na hapakuwa na wa kunilipa. Tulipofika kwenye tano, masini ikaomba neno. Mama Nshobole aliandika mwenyewe, kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, herufi moja moja: wagonjwa.

Mwezi wa nane mtu mmoja aliingia, shati la kwaya linamzidi mabega, nywele ndefu. Aliweka mezani kitabu cha kanuni za barabara. Kilikuwa kimelowa na kukauka.

"Miezi saba," Mama Nshobole akasema.

"Mama, mi nilikuwa—"

"Nimekuuliza ulikuwa wapi? Ufagio uko nyuma ya mulango."

Yule mtu akachukua ufagio, akaanza kufagia kutoka langoni. Mama Nshobole alikipangusa kitabu kwa kiwiko, akakisukuma upande wangu.

"Kambere. Huyu umutoe kwa tano. Weka nne."

Nikabadilisha. Kwenye tano wakabaki arobaini.