Jumapili za Pongwe Zisizo na Mvua

Kristofa alipoajiriwa kutunza maktaba ya kituo cha utafiti wa mkonge, karibu na Pongwe, kazi yake ilikuwa kuwazuia watu kupiga kelele. Aliifanya vizuri, maana watu wenyewe hawakuwapo. Kisha mwaka 1954 akaja mkuu mpya, akasema vitabu hujitunza vyenyewe. Mtunza maktaba wa kisasa hutunza takwimu, na asiyeweza arudi kwao Lushoto. Kristofa alikuwa na nyumba ya bati ya kituo. Akaweza.

Akaletewa kadi za vipimo vya mvua. Mpimaji, Methusela, alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri. Alisoma kipimo kila siku saa tatu asubuhi, isipokuwa Jumapili. Mvua ya siku hiyo ilibaki chomboni hadi Jumatatu, ikahesabiwa ya Jumatatu, na kwenye kadi Jumapili zikawa wazi. Kristofa hakuvumilia pengo hata rafuni. Akazijaza sifuri zote, kwa mwandiko wa kupendeza.

Mkuu akazisoma, akagundua kisayansi kwamba Pongwe hakunyeshi Jumapili. Akaamuru mkonge ukatwe siku hiyo kavu, na watu wapumzike Jumatatu, siku ya gharika.

Kambi nzima ya wafanyakazi ikanuna, maana Jumapili ni ya kanisa. Kristofa mwenyewe ndiye aliyeongoza kwaya yetu ya kanisani.

"Baba Noa," mkewe Bibiana akamwambia, "juzi ulirudi kanisani umelowa chapachapa. Ile ilikuwa sifuri?"

"Takwimu hazihusiani na shati langu."

"Mwambie huyo bwana ukweli."

"Nikisema, nyumba inakwenda."

"Na iende! Au utaziimbisha hizo kadi zako?"

Kesho yake akaenda, akakiri. Mkuu akazivuta kadi karibu.

"Kwa hiyo Jumapili hunyesha?"

"Hunyesha, bwana. Hata wakati wa mahubiri."

Amri ikafutwa, na nyumba ikabaki. Ila mkuu aliona pengo lile lazima lizibwe kwa kipimo cha kweli, na Methusela hangekubali. Nani basi, kama si mtunza takwimu?

Ndiyo maana Jumapili saa tatu, sisi tukisimama kuimba, Kristofa alikuwa amechuchumaa mbele ya kipimo, ng'ambo ya mkonge. Sauti zetu zilimfikia. Alifuatisha besi yake polepole, akapotewa na alama ya maji, akanyamaza, akasoma upya.