Wakwe Katika Darasa Moja

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa meza wala kiti. Nilipewa buti za mpira. Nilikuwa nimeripoti halmashauri ya wilaya kule Ileje asubuhi, nimevaa gauni la kitenge alilonishonea mama kwa ajili ya siku hiyo, vyeti vya chuo vikiwa kwenye bahasha ya kaki. Afisa Ustawi wa Jamii wa Wilaya, bwana mmoja wa Tanga mwenye maneno ya taratibu, hata bahasha hakuifungua. Aliniambia kwamba upepo na mvua ya mawe vimeezua nyumba Ibaba jana yake, gari linaondoka, na kama naogopa matope niseme mapema. Mimi ni Mnyiha wa Nanyala, nimekulia kwenye mibuni, matope tunajuana. Nikapanda.

Njiani alinifundisha kazi yenyewe, kwa sababu chuoni hatukufundishwa. Maafa yakitokea, alisema, kwanza ni tathmini, yaani kupita nyumba kwa nyumba na mwenyekiti wa kitongoji kuona nani amebakiwa na nini. Sambamba na hiyo ni makazi ya dharura, mahali pa kulaza watu siku hiyo hiyo, popote penye paa zima: darasa, kanisa, ghala. Baadaye huja makazi ya muda, ambayo ni hema kwenye kiwanja cha mtu mwenyewe. Nyumba huja mwisho kabisa, na mara nyingi mwenye nyumba huijenga kwa jasho lake, halmashauri ikimsaidia bati ikiwa nazo. Alikuwa na kanuni aliyoipenda kuliko mke wake wa pili, na aliirudia mpaka dereva akaguna.

"Usimhoji mtu anayelowa," alisema. "Mwingize ndani, maswali yatamkuta humo humo."

Ibaba ni juu, na baridi ya kule haina urafiki na mtu. Tulikuta kitongoji kizima kimebaki kuta. Bati zilikuwa zimekwama kwenye migomba na shambani kwa watu wengine, na wenyewe walikuwa wanazunguka kuzitambua. Shule ilikuwa imesalimika madarasa mawili. Ghala la chama cha msingi cha ushirika nalo lilikuwa zima, lakini mwenye ufunguo alikuwa amesafiri na hakuna aliyejua atarudi lini. Mkubwa wangu akatoa amri: kaya moja, kona moja. Kaya, kwa lugha ya ofisi, ni watu wanaokula chungu kimoja. Mpaka jioni kila kona ilikuwa na wenyewe, na tulijiona tumefanya kazi ya maana.

Mlangoni pa darasa la kwanza alibaki mama mmoja kijana, Atupele, na kichanga cha wiki chache mgongoni. Mume wake alikuwa Tunduma akipakia mizigo kwenye malori. Kona yake ilikuwa tayari, pamoja na mama mkwe wake na baba mkwe wake, Mzee Kibona. Lakini alisimama barazani, amejifunika kanga hadi machoni, ameupa mlango mgongo. Nilimwomba aingie, akatikisa kichwa. Nikamwuliza kama anaumwa, akasema hapana.

Hapa lazima niwaeleze ninyi mliozaliwa mijini. Kwa Wandali wa kule, mke wa kijana na baba mkwe wake huepukana. Hawasemezani, hawatazamani usoni, na hawalali chini ya paa moja. Wakikutana njiani, mwanamke hupinda kichakani na kujifunika mpaka mzee apite. Huo si ugomvi hata kidogo. Ni adabu, na mwanamke anayeivunja huaibisha hadi mama yake aliyemzaa. Hata kwetu Unyiha wakwe huheshimiana kwa umbali, ingawa sisi si wakali hivyo.

Sasa jambo la ajabu ni kwamba karibu kila mtu pale alilijua hilo. Mtendaji wa kata alikuwa mzaliwa wa kule kule, na mwenyekiti wa kitongoji alikuwa ameozesha wana watano. Lakini waliona haya kumwambia mtu wa serikali, aliyekuja na gari na buti, kwamba mpango wake unagongana na ukwe. Kila mmoja akajipa moyo kwamba maafa yamesimamisha mila. "Baridi itamwingiza," mtendaji aliniambia, nasi tukaenda kubanana kwa mwalimu mkuu, ambaye nyumba yake ilikuwa tayari imejaa watu.

Asubuhi mama mkwe alikuja kutuita mwenyewe. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba mkwe wake amerudi kwenye kuta. Tulimkuta Atupele kwenye kona ya nyumba yake isiyo na paa, ameuegemeza mlango uliong'oka ukutani na kujibanza chini yake na mtoto. Kanga zilikuwa zimelowa. Mtoto alikuwa halii, na midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa katika maisha yangu, na wakati huo huo nilikuwa na hasira, sijui na nani. Tulikimbia naye zahanati. Muuguzi alimvua nguo zote, akamweka kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akawafunika mablanketi mawili. Mtoto alipolia, mkubwa wangu alitoka nje na kujifanya anakagua tairi.

Muuguzi alisema jambo moja kwa ukali: mtoto huyu akipigwa na baridi nyingine kama ile, tusimpelekee tena. Basi ilibidi papatikane mahali penye paa kabla ya jioni. Mkubwa wangu aliona ni rahisi. Akasema mama huyu ahamie darasa la pili. Mwenyekiti akakohoa.

"Kule yumo mdogo wake Mzee Kibona," alisema. "Na binamu zake."

"Na hao nao ni wakwe?"

"Wote, bwana mkubwa. Kitongoji chetu ni ukoo mmoja. Kila mke kijana pale ni mkwe wa kila mzee."

Ndipo ilipojulikana kwamba hata wake vijana wengine hawakulala darasani. Walikuwa wamejificha kwenye vibanda vya kupikia vilivyobakiwa na nyasi kidogo paani, na sisi tulidhani wamejaa ndani. Kanuni ya kuingiza kwanza na kuuliza baadaye ilikuwa imewaingiza wenye nguvu na kuwaacha nje wenye watoto. Mkubwa wangu alikaa juu ya jiwe. Ghala limefungwa, mahema hayajafika, madarasa ni mawili, yote chini ya paa moja, na kote kuna wazee.

Aliyetutoa pale ni Mzee Kibona. Alikuwa amesikia habari za zahanati. Aliwaita wenzake nyuma ya shule, wakazungumza Kindali kwa muda, kisha nikawaona wanaingia madarasani na kutoka na mikeka yao. Alikuja kwangu kwa sababu mimi ni mwanamke na ningeweza kubeba ujumbe. Jina la mkwe wake hakulitaja.

"Mwambie yule mwenye mtoto kwamba vyumba ni vyao," alisema. "Sisi wazee tutakaa kwenye kuta."

Mkubwa wangu alipinga. Alisema hawezi kuandika taarifa kwa Mkurugenzi kwamba amewatoa wazee nje kwenye baridi ya Ibaba. Mzee Kibona alimsikiliza mpaka mwisho.

"Bwana mkubwa, mimi nimeshakua," alisema. "Yule bado."

Mkubwa wangu alifungua turubai la gari letu mwenyewe, wakalifunga kwenye kuta za nyumba ya mzee, na wazee wakalala chini yake mpaka mahema yalipofika. Tulirudi Itumba, makao makuu ya wilaya, gari likiruka mashimo. Tulipokaribia ofisini aliniambia kwamba kanuni yake inahitaji swali moja mlangoni, na kwamba mimi ndiye nitakuwa naliuliza: nani hawezi kuwa chini ya paa moja na nani?

Nimeuliza swali hilo maisha yangu yote ya kazi. Nilipohamishiwa Mkwajuni, maji yalisomba vibanda vya wachimbaji wadogo. Waliokataa kuingia kanisani walikataa kwa sababu ya mawe yao ya dhahabu, si ya wakwe. Mchimbaji hawezi kulala mbali na kiroba chake cha mawe. Tukaviingiza viroba kwanza, na wenyewe wakafuata kama ng'ombe wafuatao chumvi.

Mwisho nilipelekwa Tunduma. Vyumba vya kupanga vilipoungua karibu na mpaka, mkuu wangu mpya, kijana mwenye kompyuta mpakato, aliniuliza ukumbi unaingiza watu wangapi. Nikamwambia tuanze na swali langu. Alicheka, maana kwa mjini swali lenyewe lina utani wake. Lakini tulipouliza, familia za Kiislamu ziliomba pazia na mahali pa kutawadhia, bamayo wa Zambia, yaani akina mama wachuuzi, wakaomba wawe karibu na bidhaa zao, na mwanamke mmoja akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hawezi kuwa chumba kimoja na mume wake, akanionyesha mkono uliovimba. Huyo tusingemjua kwa kuhesabu mikeka. Kijana hakucheka tena.

Nimestaafu, niko Nanyala, napalilia kahawa na kugombana na kuku. Maofisa vijana hunipigia simu wakitaka mbinu, nami sina nyingi. Nawaambia watazame barazani kwanza, kwa sababu aliye ndani ameshapata.

Mwaka jana Atupele alikuja kunisalimia na binti yake, yule wa kwenye kanga zilizolowa. Sasa ni mwalimu, mrefu, ana paji pana la uso na macho yaliyoingia ndani kidogo. Nilimwandalia chai. Atupele aliniambia kwamba baba mkwe wake amefariki, nami nilimlilia Mzee Kibona kama baba yangu.

"Miaka yote ile sikuwahi kumtazama, mama," alisema. "Alipotoka darasani kwa ajili yetu sikuweza hata kumwambia asante. Siku ya kumzika, wazee wakaniita nikamuage. Ndipo nikamwona uso."

Alimgeukia binti yake, akamtazama kwa muda.

"Watu walikuwa wakisema amefanana naye, nikidhani wanamsifia tu. Kumbe miaka yote nimelala na sura yake chini ya paa moja."