Jiwe Ndani ya Mvule

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza tena. Nilianza na panga moja na kaptula moja, leo nina karakana ya mbao Zegereni, mashine tatu za umeme, vijana kumi na wanne ninaowalipa kila Jumamosi, na nyumba ya vigae ambayo walimu walioniona mjinga wanapita wakiitazama. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza vizuri. Nimeibiwa, nimeunguliwa na mzigo mzima, nimedhulumiwa na watu waliovaa suti, na kila mara nilisema, sawa, nilijua. Lakini ipo harufu moja. Mara chache sana, labda mara moja kwa mwaka, gogo la mvule linaletwa karakanani, na mashine ikianza kulila ile harufu hutoka, kali, chungu kidogo, kama ngozi mbichi iliyopakwa pilipili manga. Hapo mimi hutoka nje. Vijana wanadhani bosi ameenda kupokea simu. Hakuna simu. Ninakwenda kusimama nyuma ya ukuta mpaka liishe.

Harufu hiyo ni ya Kisarawe, ya msitu uliokuwa nyuma ya Kurui nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Nasema uliokuwa, maana ukienda leo utakuta mihogo, matanuru ya mkaa na viwanja vilivyowekewa mawe ya mipaka. Wakati ule ulikuwa unaingia saa sita mchana na shati linakuwa la baridi mgongoni. Miti mingine watu watano wakishikana mikono hawakuimaliza. Baba alikuja huku kutoka Mufindi akiwafuata wapasuaji mbao, na kiangazi hicho alinichukua nikae naye kambini, mama akabaki Mlandizi na wadogo zangu. Kambi yetu ilikuwa vibanda vinne vya makuti, jiko la mafiga na moshi usiokatika. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji, kupika uji, kushika uzi wa kuchorea, na nyingine moja nitakayoieleza, maana ndiyo iliyoniharibia maisha niliyo nayo, ingawa watu wanayaona mazuri.

Kwa asiyejua, zamani mbao zilipasuliwa kwa mikono ya watu wawili. Gogo linaviringishwa kwa nyenzo mpaka juu ya shimo, na ule msemo kwamba mti hauendi ila kwa nyenzo sisi hatukuusoma kitabuni, tuliusoma mabegani. Unapasua betri za redio zilizokufa, unga wake mweusi unauchanganya na maji, uzi unachovywa humo, unavutwa juu ya gogo na kuachiwa, pa, mstari umenyooka kuliko wa rula. Kisha mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anaingia shimoni, na msumeno mrefu kuliko mtu unapanda na kushuka kati yao. Wa juu anaufuata mstari, anaona jua, anaitwa fundi. Wa chini anakula vumbi. Linamwingia machoni, puani, kifuani, na la mvule ndilo baya kuliko yote, linawasha kama upupu. Na kanuni ilikuwa moja tu, hapakuwa na wa kubishana nayo: mwenye msumeno ndiye anayesimama juu. Baba alikuwa amekaa shimoni miaka saba chini ya Fundi Mwinshehe, mwenyeji wa huko huko, mtu wa maneno. Baba alipotoka shimoni jioni alikuwa wa manjano mwili mzima, na Fundi Mwinshehe alikuwa akisema, "Jamani, nani amekaanga huyu?" Watu wanacheka, baba naye anacheka, kisha anakohoa. Mara moja tu nilimsikia akimjibu, polepole, huku akijifuta macho kwa kanga ya zamani ya mama: "Aliye juu mngoje chini, fundi." Na Fundi Mwinshehe akasema, "Ningoje tu, mimi sina haraka."

Kiangazi hicho baba alinunua msumeno wake. Mama aliuza cherehani. Sikuelewa wakati ule maana ya mwanamke kuuza cherehani yake, nilichoelewa ni kwamba baba alirudi kambini na kitu kirefu kilichoviringishwa kwa magunia, na alipokifungua kiling'aa mpaka wapasuaji wakaacha kazi zao. Alikuwa akiupaka mafuta kila asubuhi kama mtu anayemwogesha mtoto. Akakata leseni ya mti mmoja, mvule, bwana misitu akaja akaupiga nyundo ya alama. Mimi sasa ndiyo nikapata la kusema. Nilizunguka vibanda vyote. Nilisema baba yangu anapanda juu, nilisema mvule wake hauna kasoro hata moja, nilisema mbao zake zitakwenda kujenga Ikulu. Fundi Mwinshehe akaniambia, "Wewe mtoto una mdomo wa mfanyabiashara." Nilifurahi. Hakukosea, lakini siku hizi sifurahi nikilikumbuka.

Mvule una tabia yake. Ukijeruhiwa, tawi likikatika au radi ikiupasua, unafunga jeraha taratibu kwa miaka mingi, na mara nyingine ndani ya kovu unaumba jiwe. Jiwe kweli, gumu, jeupe, kama la chokaa, na kwa nje huoni kitu. Msumeno ukikutana nalo umekwisha. Kwa hiyo gogo likishaangushwa hugongwa lote kwa mgongo wa shoka, kutoka shinani mpaka kileleni, na anayegonga ni mtoto. Masikio ya watu wazima yalikuwa yameliwa na kelele za msumeno, hasa ya mtu wa shimoni. Baba alikuwa hasikii hata ndege. Mtoto ndiye sikio la kambi. Mti mzima unasema ngo, wenye tundu unasema bu, na penye jiwe unasema ti, kifupi, kama mtu aliyekatishwa maneno. Nilikuwa sikio zuri. Wapasuaji walikuwa wakinigombania.

Siku ya kugonga ule mvule alipita Bi Mwazani, bibi mmoja wa Kurui aliyekuwa akija msituni kuchimba ming'oko, vile viazi vya porini. Nikamwamkia, shikamoo bibi, akaitika marahaba mjukuu wangu, akaweka jembe lake chini, akalizunguka gogo hadi kwenye uvimbe mmoja wa gome usiozidi sahani.

"Mmeuangusha huu," alisema. "Hapa palikuwa na mdomo. Sisi wasichana tulikuwa tunachota humo maji ya mvua kwa kata. Sasa umefumba. Mvule ukifumba mdomo, ujue umemeza kitu. Baba yako yuko wapi?"

"Anakuja, bibi."

"Mwambie, usimfiche. Nyie watu wa bara mnapenda mbao kuliko akili."

Akaenda zake. Baba akaja, na nyuma yake akaja Fundi Mwinshehe na wengine kama sita, wamekuja kushuhudia. Baba alikuwa amevaa shati jeupe. Miaka saba hakuwahi kuvaa kitu cheupe kazini, na siku ile alikivaa kwa sababu alijua vumbi halitamfikia. Nikapanda juu ya gogo na shoka. Ngo, ngo, ngo. Nilipofika kwenye ule uvimbe nikagonga, na ulisema ti. Nikagonga tena pembeni kidogo, ti. Nikaangalia chini nikawaona wote wananitazama, Fundi Mwinshehe ameweka mikono kiunoni, anatabasamu lile tabasamu lake. Na baba ameweka kiganja nyuma ya sikio, kana kwamba angesikia.

"Vipi, Festo?"

"Mzima, baba."

"Wote?"

"Wote."

Ningesema kweli tungelichimba pale kwa shoka siku mbili, tukatupa futi sita za gogo, watu wakacheka jioni moja, basi. Hiyo tu ndiyo niliyoikimbia, kicheko cha jioni moja. Nilikuwa nimeshatangaza kwamba mti wetu hauna kasoro, na mdomo wangu ulinipendeza kuliko sikio langu.

Kesho yake baba alipanda juu. Chini alimweka kijana aliyeitwa Chande. Ubao wa kwanza ulitoka kama mkate, wa pili pia, na baba akaniita nimletee maji akanywa huku amesimama juu pale pale, polepole, ili aonekane. Kwenye ubao wa tatu msumeno ukalia. Sijawahi kusikia tena sauti ile, na ninaishi kati ya mashine. Chande akauliza kutoka shimoni, "Kaka, kuna nini huko?" Baba akadhani ni gogo limebana, akasema, "Vuta." Wakavuta wote wawili kwa nguvu zao. Chuma kikapasuka kuanzia kwenye meno hadi katikati ya bapa. Meno yangetengenezwa kwa tupa, lakini ufa hautengenezeki. Baba alishuka, akayaokota meno kwenye vumbi, akayapanga kiganjani. Yalikuwa kumi na moja. Kisha akaenda kwenye uvimbe wa gome, akaupapasa.

"Hapa uligonga?"

"Niligonga, baba."

"Ukasikia nini?"

"Mzima."

Alinitazama. Yale macho yake mekundu ya shimoni yalielewa kila kitu, nina hakika. Akasema, "Haya," na hakuniuliza tena mpaka anakufa. Jumatatu alivua shati jeupe akarudi kwa Fundi Mwinshehe, na Fundi akamwambia, "Karibu nyumbani, nilikutunzia mkeka wako." Baba akacheka. Nilikuwa nimekaa na sufuria la uji, nikakisikia kicheko kile kwa sikio langu zuri, na kilisema ti.

Akakaa shimoni miaka mingine tisa. Mama hakupata cherehani nyingine. Kifua kilipomzidi baba, alilazwa hospitali ya Tumbi, nikawa nalala sakafuni pembeni ya kitanda chake. Daktari akaniuliza mzee alikuwa anafanya kazi gani, nikajibu, fundi mbao. Hata pale nilimpandisha juu kwa uongo.

Sasa ona dunia. Mbao ninazopasua leo ni paini, zinakuja na malori kutoka kule kule Mufindi alikotoka baba akifuata riziki huku. Hapa misitu imekwisha, kule imepandwa. Vijana wangu wanavaa barakoa, nimeweka feni ya kuvuta vumbi, na asiyevaa barakoa namfukuza siku hiyo hiyo. Wananiona mkali. Hakuna mtu wa chini katika karakana yangu, sakafu ni moja. Mtoto naye simruhusu kuvuka geti.

Mwaka jana nikasikia kwamba Fundi Mwinshehe alikuwa ameuchukua ule msumeno akaufanya kizingiti cha banda la mbuzi, na alipofariki wajukuu wakauza vyuma vyote. Niliutafuta miezi minne. Nilitaka kuutundika ofisini, wateja waone nilikotoka. Nikaupata Mlandizi kwa mnunuzi wa chuma chakavu, chini ya rundo la mabati, una kutu, una ufa. Nikapitisha kidole kwenye pengo, nikahesabu nafasi kumi na moja. Mfukoni nilikuwa na milioni mbili, nilijiandaa kwa ubishi.

"Huu ni wa baba yangu," nikamwambia kijana. "Sema bei yako."

"Mzee, hapa hatuuzi baba, tunapima kilo," akasema, akaucheka utani wake, akautupa kwenye mizani. Kilo sita. Akapiga hesabu kwenye simu.

Sikuutundika. Upo nyuma ya ule ukuta ninakosimama mvule unapopasuliwa, umeviringishwa magunia. Ulinigharimu shilingi elfu tano na mia nne.