Meno Meupe, Mizibo ya Njano

Kwa miaka tisa wageni wa hoteli ile walimwita Dada Mapokezi. Meno yake mawili ya mbele yalivunjika utotoni, alipojikwaa kwenye ngazi za shule, lakini yalizibwa vizuri hata mumewe alichelewa kujua.

Ndipo akaja meneja mpya. "Dada, mgeni huona meno kabla hajaona funguo. Alhamisi mpiga picha anakuja. Tunakuweka kwenye bango."

Wifi yake, mwenye saluni, akampaka dawa ya kung'arisha siku mbili mfululizo. Meno yakatoka meupe pe. Ila ile mizibo ilibaki vilevile, na katikati ya weupe ule ikaonekana kama punje mbili za mahindi makavu.

"Ngoja niongeze dawa," wifi akasema, sauti imempungua.

Akakataa, akakimbilia kwa daktari wa meno.

"Dawa hiyo hung'arisha jino, mama, mzibo haiubadilishi rangi," daktari alimwambia. "Ukirudia, tofauti itazidi."

"Basi nibadilishie leo."

"Leo haiwezekani. Rangi haijatulia, na mzibo mpya hautashika sawasawa. Rudi baada ya wiki mbili."

Wiki mbili! Akitabasamu, aibu; asipotabasamu, kazi itamponyoka. Tena kwa ukali wa dawa ile, upepo wa kiyoyozi ulimchoma meno mpaka kisogoni. Akawa anapokea wageni midomo ameibana, kama fundi cherehani aliyeshika pini kwa meno. Nyumbani mumewe akauliza, "Mama watoto, nimekukosea nini?" "Hamna," akajibu, kiganja mdomoni. Alhamisi akasingizia tumbo, picha ikapigwa bila yeye.

Jumatatu meneja akamwita. "Wageni wanasema unawanunia." Akamhamishia chumba cha simu, nyuma ya jiko, kisicho na dirisha. Kaunta akapewa mwenzake wa zamu ya jioni.

Wiki mbili zilipotimia mizibo ikabadilishwa, ikalingana na meno barabara. Akaenda kwa meneja anacheka mpaka magego.

"Umependeza," meneja alisema, macho kwenye kompyuta. "Lakini simu umeziweza. Baki hukohuko."

Akarudi chumba cha simu. Alijaribu kuuacha mlango wazi, moshi wa jiko ukaingia, akaufunga. Simu mbili zikalia kwa mpigo. Akapokea moja, "Karibu, nikusaidie nini?", na ile nyingine akaiacha ilie.