Miti ya Mzee Salimu

Mpaka leo siwezi kupita karibu na mtu anayepasua mti mbichi. Ile harufu yake ya majimaji, tamu kidogo, wengine wanaipenda. Mimi hunirudisha Kismayu, kwenye ua wa nyumba ya Mtaliani, nina miaka tisa, nimeziba masikio kwa viganja vyote viwili na bado nasikia shoka. Na mimi ni binti wa fundi wa mashua, jamani! Nilizaliwa kisiwani Chula, nikacheza juu ya unga wa msumeno kabla sijajua kutembea vizuri. Mbao zilikuwa ugali wetu. Lakini harufu hiyo ilinitoka moyoni katika siku tatu, na haikurudi tena.

Tulihamia mjini kwa sababu ya macho ya Mama. Alikuwa mgonjwa wa mwanga. Mchanga wa Chula ni mweupe, na mchana jua likiupiga ulimchoma mpaka machozi yakamtiririka na kichwa kikamwanga siku nzima. Daktari wa Kitaliani alimwambia Baba kwamba dawa yake ni kivuli, na bila kivuli macho yatakwisha. Basi Baba akauza sehemu yake katika mashua mbili, akapata kazi ya ufundi bandarini, na akaanza kutafuta nyumba kule juu, mtaa walikokaa Wataliani, wenye miti mingi hata ukipita saa sita unasahau kama kuna jua. Watu wa kwetu hawakununua nyumba kule. Walimcheka Baba, wakamwita bwana mkubwa. Yeye hakujali, kwa sababu alikuwa amempata karani mmoja wa Kitaliani anayerudi kwao, mwenye nyumba ya vyumba vitatu, na uani mikungu mitatu, ile miti ya kungu yenye majani mapana, na mikwaju miwili mikubwa. Siku ya kwanza Mama alipoingia ule ua, aliifunua shela usoni, akafungua macho yake wazi kabisa, akasema, “Alhamdulillah, leo nimewaona wanangu.” Sijapata kuona furaha ya namna ile tena.

Miti ile ilipandwa na Mzee Salimu, mtunza bustani wa yule karani, mtu mfupi, mpole, mwenye kibanda chake nje ya ukuta. Karani alisema kwa mkalimani kwamba vyote vilivyomo ndani ya ukuta vimeuzwa, na karatasi ikaandikwa hivyo. Lakini sisi tulitoka Chula. Kwetu kiwanja ni cha mmoja na mnazi ni wa mwingine, na mti ni wa mkono ulioupanda, hata ukiota katikati ya ua wako. Mwenyewe huja kuangua nazi zake ukamkaribisha chai. Mtaliani angeuzaje kitu cha Mzee Salimu? Mama ndiye aliyeshikilia. “Sitaki kukaa kwenye kivuli cha dhuluma,” alimwambia Baba. “Mwambie mzee wa watu, na wawepo mashahidi.” Basi Baba akawaita majirani wawili, akamshika Mzee Salimu mkono, akasema miti ni yake, aliipanda yeye, sisi tutakaa tu chini yake. Mzee akalia. Fatiha ikasomwa, kahawa ikanywewa, na Baba akatembea wiki nzima kifua mbele. Nami nilijivuna, mtoto mpumbavu, kana kwamba ukarimu ule nimeutoa mimi.

Tulikaa chini ya miti ile msimu mmoja tu. Mama alitandika mkeka chini ya mkungu wa kati tangu asubuhi mpaka Alasiri, akishona kofia, akitutania, akitutuma kuokota kungu. Kisha binti yake Mzee Salimu, aliyeolewa mbali huko mtoni, akafiwa na mume akiwa na watoto wadogo, na mzee akataka kwenda kukaa naye. Hakuwa na kitu cha kuuza ila miti. Akaja mwenyewe, akiwa na haya, akasema ameshapatana na mwenye tanuri la chokaa, ambaye anahitaji kuni. Fedha zote za Baba zilikuwa zimeingia kwenye kuta za nyumba. Hakuwa na cha kumpa ili aiache. Angeweza kuitoa ile karatasi ya Mtaliani, wallahi angeweza, na hakuna askari ambaye asingemtetea. Nilimwona akienda kwenye sanduku, akaishika, akaikunja tena. “Nimesema mbele ya watu,” alisema.

Nilimkimbilia Mama, nikamvuta nguo, nikamwambia, “Mkatazeni! Kwani yeye si mtu wa kusikia maneno?” Mama alinitazama kwa yale macho mekundu. “Ni yake, mwanangu. Mimi ndiye niliyesema ni yake.” Nilimchukia saa ile, naungama. Nilimchukia yeye na Baba na mzee yule mpole, na sikuwa na la kufanya na hasira yangu ila kuziba masikio. Siku ya tatu ulianguka mkungu wa kati, na mwanga ukaingia uani kote kwa mpigo, ukagonga ukuta mweupe. Mama alijifunika uso, akapapasa mlango, akaingia chumba cha ndani. Mwenye tanuri, mtu mstaarabu, alituletea gunia la chokaa kuwa ahsante yetu. Baba alilipokea kwa mikono miwili. Lilikaa ukumbini mpaka likaganda kuwa jiwe.

Baba alipanda miche mingine wiki ileile, nasi tukaimwagilia kila jioni, lakini mti haukui kwa kuombewa. Mama aliishi chumba kile miaka sita, dirisha limefungwa, na mwaka wa mwisho alitutambua kwa sauti tu. Alifariki miche ikiwa imefika usawa wa bega langu.

Mwaka jana nilinunua nyumba Mombasa, mtaa wa miti, uzeeni huku. Nilimuuliza dalali miti ni ya nani. Akacheka, “Mama, miti inakuja na nyumba!” Nikamwambia amtafute aliyeipanda. Hakuelewa, akaona nimezeeka, na sikumlaumu. Kwake karatasi inatosha, na pengine ingetutosha na sisi. Jioni ya kwanza nilitandika mkeka chini ya mkungu ulio karibu na kisima. Kivuli kilikuwa kikubwa, cha kuwatosha watu wawili. Nilikaa pembeni ya mkeka, nikaacha katikati wazi, mpaka jua likazama.