Asilimia Moja ya Védastine

Védastine Uwimbabazi, fundi wa programu hapa Kamembe, aliitukana kamera wiki nzima. Ilinuiwa kutazama mashamba ya mpunga kule Bugarama, lakini draiva aliyoiandika mwenyewe, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kamera, iliikataa. Ilidai saa ya kamera ipige mara milioni ishirini na nne kamili kwa sekunde. Saa ilipungukiwa mapigo mia sita tu.

“Maman Védastine, hiyo kamera ni kama miye,” akasema Harerimana, mwenzake wa kazini. “Nilichelewa kwaya dakika moja, ukanifungia mulango.”

Kiongozi wa kwaya ni Védastine huyohuyo. Hakucheka. Aliandika upya: tofauti isiyozidi asilimia moja ikubaliwe, ikizidi ikataliwe. Mpunga ukaonekana kwenye kioo.

Jumamosi Harerimana alichelewa tena kwaya dakika moja, akakuta mlango wazi. Jumamosi iliyofuata alichelewa dakika mbili. Mlango ulikuwa umefungwa.

“Maman, na ile asilimia moja?”

“Mazoezi ni masaa mbili,” Védastine akajibu dirishani. “Asilimia moja ni sekunde sabini na mbili. Imbia hapo inje.”